Kongoti wa Mwaloni angekuwa zimwi Alaska

Video imenifikia mara tatu mwezi huu, kila mara kutoka kwa mtu mwingine na kila mara ikiwa na ile alama ya kuonyesha imesambazwa mara nyingi. Ndege mweusi, ambaye bawa lake moja lingetosha kufunika bajaji, anashuka zizini, anamkwapua beberu na kupotea nyuma ya mlima. Maelezo ya kwanza yalisema ni Sumbawanga. Ya pili yakasema ni mashariki mwa Kongo, ya tatu Brazili. Mbuzi alikuwa yuleyule. Chini ya video watu waligawanyika kama kawaida yetu: kundi moja likataja uchawi na dalili za kiama, kundi jingine likacheka na kuuliza ni lini Waafrika tutaacha ushamba.

Hao wa kundi la pili ndio walionifanya niandike. Video yenyewe haina ugomvi: imetengenezwa kwa akili mnemba, kivuli cha mbuzi hakifuatani na mbuzi, na haistahili dakika zaidi. Lakini wacheshi wetu wanaruka kutoka hapo hadi kudai kwamba yeyote aliyewahi kusema ameona ndege wa kutisha kwa ukubwa alikuwa mwongo au amelewa. Hapo wamekosea, tena kwa kiasi kilekile wanachokosea wale wanaoamini. Taarifa nyingi za ndege wakubwa wa ajabu, zile za watu waliosimama mahali fulani siku fulani wakatazama juu, zina ndege wa kweli ndani yake. Shahidi anafaa kuaminiwa anaposema kulikuwa na kitu. Asiaminiwe anapokitajia mita. Na kinachomgeuza ndege kuwa zimwi mara nyingi si ukubwa wake, ni ugeni wake.

Tuanzie mahali ambako hakuna wa kusingizia ushamba wa Mwafrika. Oktoba 2002, kusini-magharibi mwa Alaska, watu wa vijiji vya Togiak na Manokotak walianza kusimulia habari za ndege aliyepita kiasi. Mmoja wao alikuwa kazini juu ya mtambo mzito. Alipoinua macho alidhani ni ndege ndogo ya abiria inakuja, hadi ilipojipinda upande wa kushoto akatambua kwamba ni kiumbe. (Kiswahili chetu kina neno moja kwa vyote viwili, na nadhani siku ile lingemfaa kuliko Kiingereza chake.) Baadaye rubani wa eneo hilo, ambaye habari zile alikuwa hazitilii maanani, akamwona yeye mwenyewe akiwa na abiria, umbali wa takriban mita 300. Makadirio yaliyotolewa yalikuwa mabawa ya futi 14 kutoka ncha hadi ncha, yaani mita 4.3 hivi, na kipimo cha kulinganishia kilikuwa bawa la ndege yake aina ya Cessna. Hakuna ndege anayeruka leo duniani mwenye mabawa hayo. Albatrosi mkubwa kuliko wote, anayeishi juu ya bahari za kusini, anafika mita 3.5.

Wataalamu walioulizwa hawakusema wanavijiji wanaota. Walisema inawezekana ni tai wa baharini wa Steller, anayezaliana Kamchatka na pembezoni mwa Bahari ya Okhotsk, upande wa Urusi, na ambaye mara chache huvuka hadi Alaska. Ni tai mweusi mwenye mabega meupe na mdomo wa manjano mnene kama shoka, uzito wa kilo 5 hadi 9, mabawa ya karibu mita 2.4. Hapo ndipo waumini wa ndege wa ajabu hupata nguvu. Kutoka 2.4 hadi 4.3 si kosa dogo, wanasema, na aliyekosea ni rubani, mtu ambaye maisha yake na ya abiria wake yanategemea kukadiria umbali. Hoja hii ina uzito kuliko wanavyodhani wanaocheka, kwa hiyo inahitaji jibu.

Jibu liko angani kwenyewe. Ukitazama ng'ombe malishoni, jicho lina mti, nyumba na mchungaji wa kumlinganisha naye. Juu hakuna kitu. Jicho linapokea upana tu wa ile sehemu ya anga iliyozibwa, halipewi ukubwa wala umbali. Kimoja kati ya viwili hivyo lazima ukikisie ndipo kingine kipatikane. Ndege wa mita 4.3 aliye umbali wa mita 300 na ndege wa mita 2.4 aliye umbali wa mita 170 wanaziba karibu sehemu ileile. Rubani hakuhitaji kuona jinni ili akosee. Ilitosha adhani kitu kiko mita 300 wakati kiko 170, na angani, bila cha kulinganishia, kosa hilo hufanywa na watu wenye macho mazuri kabisa. Uzoefu wake wa kazi unamsaidia anapokutana na ndege nyingine za chuma kwa sababu ukubwa wake anaujua tayari; Cessna ikionekana ndogo, iko mbali. Kwa kiumbe asiyemjua, uzoefu huo hauna pa kushika.

Tena Alaska imejaa tai wenye vichwa vyeupe. Mwenyeji amewaona tangu utotoni, na katika akili yake tai huyo ndiye kipandio cha juu kabisa cha ngazi ya ndege wakali. Siku anapomwona mweusi aliye mkubwa kuliko huyo, ngazi imekwisha. Hajui cha kumwita wala cha kumpimia, basi anachukua kilicho jirani, nacho ni bawa la Cessna.

Sasa njoo Mwanza. Ukipita soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, utawakuta kongoti wamesimama kama wazee wa baraza wasio na nywele, wakingoja utumbo wa sangara. Kongoti aliyekomaa ana mabawa yanayopindukia mita 2.5. Maana yake ni kwamba analingana na yule aliyewatikisa watu wa Togiak, au anamzidi. Mara ya kwanza kumwona mmoja akiruka juu ya kichwa changu nilikuwa na umri wa miaka tisa, mgeni kutoka pwani, na nilijificha nyuma ya shangazi. Muuza samaki mmoja akamtupia kandambili na kuendelea kuhesabu chenji. Kampala wako juu ya nguzo za taa na majalala, na hakuna gazeti linaloandika kwamba jiji limevamiwa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. La Mwaloni wenyeji wamelijua hadi wanalifukuza kwa kandambili. Mchukue kongoti huyo umwachie Togiak asubuhi ya Oktoba, na nina hakika mabawa yake yatapimwa kwa Cessna.

Kipo kisa kingine cha karibuni kinachosaidia kuona tofauti kati ya ndege wa ajabu na ndege aliyepotea. Mwaka 2020 tai mmoja wa Steller alionekana ndani ya Alaska, mbali na pwani anayoizoea. Machi 2021 tai wa aina hiyo akapigwa picha Texas, kwenye joto, mahali ambapo hana kazi yoyote. Kufikia katikati ya mwaka huo alikuwa mashariki mwa Kanada, na Desemba akashuka Massachusetts na Maine, ambako watu waliendesha magari kwa saa nyingi kwenda kumtazama kwenye baridi. Baadaye akakaa Newfoundland. Waliomfuatilia, wengi wao watu wa kawaida wenye kamera na daftari, walilinganisha mpangilio wa madoa meupe kwenye mabawa yake na kuonyesha kwamba aliyekuwa akitokea jimbo moja hadi jingine ni yuleyule. Ndege mmoja, bara zima, na hakuweza kujificha.

Kisa hicho kinakata pande zote mbili. Kwa wanaocheka: ndege mkubwa, mgeni, asiyepaswa kuwapo, anaweza kweli kutokea juu ya kijiji chako, na wa kwanza kumwona atakuwa mvuvi au dereva, siyo profesa. Kwa wanaoamini: akitokea kweli, ushahidi hurundikana. Ikiwa tai mmoja aliyepotea aliacha picha nyingi kiasi cha kuhesabiwa madoa, basi jamii nzima ya ndege wakubwa mara mbili yake, wanaokula, wanaotaga, wanaokufa na kudondosha manyoya, ingeacha walau unyoya mmoja mezani kwa mtu.

Hapa wanaoamini hunijibu kwa hoja ya samaki, na naomba niseme wazi kwamba ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayopendwa kuliko zote. Silakanti, wanasema, alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, kisha mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Kwa nini ndege asifanye hivyo? Kwanza, silakanti anakaa kwenye mapango ya miamba chini ya bahari, kwenye kina cha zaidi ya mita 100, gizani. Ndege mkubwa hawezi kukaa gizani. Riziki yake iko kwenye nafasi wazi ambako kila mwenye shingo anaweza kumwona. Pili, na hili hunishangaza linavyosahaulika hata na sisi wa upande huu wa bahari, silakanti hakuwa siri kwa watu waliokuwa karibu naye. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimpata kwenye mishipi yao na wana jina lake, gombesa. Alikuwa siri kwa makumbusho tu. Tatu, aliyemaliza ubishi ni samaki mwenyewe, amelala juu ya meza na magamba yake. Mfano wanaoutumia kutetea simulizi zisizo na mwili ulishinda kwa sababu ulikuwa na mwili.

Hoja ya mapokeo ni nzito zaidi. Inasema kwamba hadithi za kale za ndege wakubwa haziwezi kuwa zimetoka hewani, na kwa sehemu nakubaliana nayo, maana mfano wake bora umetoka kwenye maji yetu. Mabaharia wa pepo za kaskazi na kusi walisimuliana juu ya Rukh, ndege anayeinua tembo. Marco Polo, aliyesimulia safari zake karibu mwaka 1298, alimweka kwenye visiwa vya kusini ya Madagaska, na akasema manyoya yake yalikuwa na urefu wa shubiri 90. Madagaska haina tembo, kwa hiyo hapo tu mtu ungeshtuka. Lakini ilikuwa na yai. Lile la ndege mkubwa aliyeishi humo, Aepyornis, linabeba zaidi ya lita 8, kama mayai ya kuku 150 kwa pamoja. Étienne de Flacourt, gavana wa Wafaransa kusini mwa kisiwa, aliandika mwaka 1658 juu ya ndege mkubwa wa nyikani atagaye mayai kama ya mbuni, na mwaka 1851 wanasayansi wa Paris, wakiwa na mayai na mifupa mkononi, wakampa jina. Alikuwa na kimo cha karibu mita 3 na uzito wa mamia ya kilo. Wala hakuwa akiruka.

Tazama simulizi ilivyojengwa. Yai lilikuwa la kweli. Ndege alikuwa wa kweli. Mabaharia wetu walikuwa wakifika kaskazini-magharibi mwa Madagaska kwa biashara karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote, na haihitaji ujasiri kudhani kwamba yai au kipande chake kiliwahi kupita mikononi mwao. Kilichobaki kilikuwa hesabu ya kawaida: ikiwa yai la kuku linatoa kuku, yai la lita 8 linatoa nini? Mabawa yaliongezwa na akili iliyokuwa ikitafuta uwiano. Hata unyoya wa shubiri 90 una maelezo yake. Henry Yule, aliyemfasiri Marco Polo kwa Kiingereza katika karne ya 19, aliona kwamba huenda ulikuwa kuti la mwale, ambalo aliyewahi kuezeka nyumba anajua linavyoweza kuwa refu kuliko chumba.

Ninayempenda zaidi katika sakata la Rukh, hata hivyo, ni msafiri Ibn Battuta. Akirudi kutoka China, katika karne ya 14, aliona mbele yao mlima mahali ambapo mabaharia walijua hakuna mlima. Kisha mlima ukainuka, na mwanga ukapita kati yake na bahari. Mabaharia wakalia na kuagana, wakisema ni Rukh. Aliyewahi kukaa kwenye jahazi siku ya joto iliyotulia anafahamu mazigazi yanavyoinua kisiwa na kukining'iniza. Ibn Battuta hakudai kumwona ndege. Aliandika kwamba upepo uliwageuza, na hawakupata kujua umbo lake halisi. Laiti kila shahidi angetenganisha hivyo kile alichokiona na kile alichoambiwa.

New Zealand inatoa mfano mwingine. Wamaori walisimulia juu ya ndege muuaji, na mifupa ikapatikana ya tai wa Haast, mwenye uzito wa kilo 10 hadi 15, aliyewinda ndege wakubwa wasioruka walioitwa moa. Alitoweka karibu mwaka 1400, miaka mia moja hivi baada ya watu kufika na kuwamaliza moa. Mapokeo, basi, yanaweza kutunza mnyama. Lakini yanamtunza kama kaburi linavyomtunza babu: linathibitisha aliishi, halithibitishi kwamba atakuja chakula cha jioni.

Ama hili la kunyanyua mbuzi na watoto, mwili wenyewe unakataa. Mnyama akiongezeka urefu mara mbili bila kubadili umbo, eneo la mabawa linaongezeka mara nne lakini uzito mara nane. Ndiyo maana hata Argentavis, ndege wa kale wa Argentina, aliyeishi yapata miaka milioni 6 iliyopita akiwa na mabawa ya mita 6 au zaidi na uzito wa kilo 70 hivi, inadhaniwa alitegemea zaidi upepo na hewa ya moto inayopanda, kama tumbusi, kuliko nguvu za kupiga mabawa. Tai wa leo huruka kwa shida na mzigo unaofika nusu ya uzito wake. Kisa kinachotajwa sana ni cha Julai 1977, Lawndale, Illinois, ambako familia ilisema ndege mmoja kati ya wawili alimbeba mtoto wa miaka 10, mwenye kilo kama 30, kwa mita kadhaa kabla ya kumwachia. Maelezo ya rangi, mwili mweusi na ukosi mweupe, yanafanana na kondori, ndege mla mizoga wa milima ya Andes. Ila kondori, ambaye mwenyewe hazidi kilo 15, ana miguu ya kutembelea juu ya mzoga, isiyo na mkamato. Naamini ndege wakubwa walishuka, naamini mtoto aliguswa na kukimbia kwa hofu ya kufa. Kuhusu mita za kubebwa, mama aliyemwona mwanawe chini ya mabawa yale hakuwa na sababu ya kupima.

Wanaocheka nao wasijipongeze mapema. Kwenye misitu ya Usambara na Udzungwa yuko tai mwenye kishungi, mwepesi wa kilo 4 hivi, anayeua nyani na paa wazito kumshinda. Akiua mzigo usiobebeka, huukatakata na kuuondoa vipande. Na fuvu la mtoto lililopatikana Taung, Afrika Kusini, mwaka 1924, la jamaa wa kale wa binadamu aliyeishi zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, lina alama ndani ya matundu ya macho ambazo watafiti walizilinganisha na mafuvu ya nyani wanaoliwa na tai huyo, wakaona zinafanana. Woga wetu wa kivuli kinachopita haraka juu ya kichwa una historia ndefu kuliko lugha. Bibi anayeita wajukuu ndani anapoona kipungu hana ushamba wowote.

Kosa jingine huzaliwa na muulizaji. Mwaka 1923 Frank Melland, afisa Mwingereza wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), aliandika juu ya kongamato, kiumbe wa mabwawa ya Mwinilunga, karibu na mpaka wa Kongo, ambaye aliogopwa kwa kupindua mitumbwi. Melland aliwaonyesha wenyeji picha, na wakachagua ile ya mjusi arukaye wa enzi za dinosaria. Tangu hapo kongamato amekuwa mjusi huyo kila anapotajwa. Lakini mtu akikuletea kitabu cha picha, tena mtu wa serikali, utaonyesha kilicho karibu na kile unachoogopa. Maeneo hayo ya Afrika yana ndege wakubwa wa majini wenye midomo mikubwa, popo wakubwa na nyoka. Yoyote kati yao angetosha kuanzisha hofu. Picha ilifanya kazi iliyobaki.

Na picha ndiyo inayonirudisha kwenye beberu wa Sumbawanga. Desemba 2012 video ya tai akimnyakua mtoto bustanini Montreal ilitazamwa na mamilioni kwa siku chache. Ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha uhuishaji, na chuo kikakiri upesi. Wakati ule ilihitaji kundi la wanafunzi wenye ujuzi. Leo inahitaji sentensi moja na simu. Hasara kubwa hapa si kwamba watu watadanganywa. Watu wamedanganywa siku zote. Ni kwamba picha hizi zinakausha soko la ushuhuda wa kweli. Mvuvi wa Rukwa atakayemwona kesho ndege asiye wa kwao, aliyepotea kama yule wa Steller, atasita kusema kwa sababu anajua jibu atakalopewa. Atlasi za ndege za Tanzania na Kenya zimejengwa kwa taarifa za watu waliotazama na kuandika: wapi, lini, nini. Mashahidi wakinyamaza, kurasa hizo zinabaki nyeupe.

Na zinabaki nyeupe wakati mbaya. Tumbusi wa Rüppell, anayetaga kwenye majabali ya milima ya Gol kaskazini mwa Tanzania, ndiye ndege aliyethibitishwa kuruka juu kuliko wote. Mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973 kwenye mita 11,300. Mabawa yake yanakaribia mita 2.5. Kati ya aina nane za tumbusi wa Afrika zilizochunguzwa, saba zimepungua kwa asilimia 80 au zaidi katika vizazi vitatu vya ndege hao, wengi kwa sumu: mfugaji anatia dawa ya wadudu kwenye mzoga ili aue simba, au jangili anatia ili tumbusi wasizunguke juu na kumchongea kwa askari. Katika wilaya za wafugaji ambako babu alikuwa akiwahesabu kumi, ishirini juu ya ng'ombe mmoja aliyekufa, kuna vijana wa leo ambao hawajawahi kumwona tumbusi kwa karibu. Mmoja wao, akiwa na miaka thelathini, siku moja atainua macho na kukuta kivuli cha mita mbili na nusu kikipita juu ya zizi lake. Atachomoa simu. Atasema mita tano.